Simba si mtoto wa Kisanskriti

Ile video ya "Kisanskriti mama wa lugha zote" imezunguka tena wiki hii, na watu ninaowaheshimu wanaituma kwa fahari. Msemaji anaandika siṃha ubaoni, chini yake simba, anachora mshale mmoja, kisha anatangaza kwamba Mswahili amekuwa akimwita mfalme wa pori kwa jina la kuazima. Imeniuma. Imeniuma kwa ajili ya Kiswahili, na vilevile kwa ajili ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India ninayoipenda na isiyohitaji kupambwa kwa uongo.

Haya, maneno hayo mawili yanafanana mno, na maana ni ileile. Lakini Mwajemi husema bad kwa maana ya "mbaya", Mwingereza naye husema bad kwa maana hiyohiyo, na hakuna aliyempa mwenzake. Mfanano unakupa swali tu, jibu ulitafute mwenyewe.

Tumfuate simba basi. Wazulu wana insimba, ila kwao huyo ni kanu, yule mnyama mdogo mwenye madoadoa na mkia mrefu wenye pete. Buganda kuna ukoo wa Kasimba, ambao mwiko wake ni huyohuyo kanu. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanalirudisha neno hili kwenye mzizi wa kale uliotaja wanyama wadogo wa namna hiyo. Huku kwetu na kwa baadhi ya majirani, jina likapanda hadi kwa mnyama mkubwa. Hakuna jahazi la Kachchh, kule Gujarat nchini India, lililopeleka jina la kanu mpaka ndani ya Uzulu! Tena hao wafanyabiashara wa Kigujarati wenyewe humwita simba sinh, bila b yoyote. Neno ni letu, limetembea na mababu zetu kwa miguu, na linastahili kusimuliwa hivyo.

Na huo umama wenyewe haupo. Mwaka 1786 kule Calcutta, jaji William Jones alisema kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vimetoka kwenye chimbuko moja ambalo huenda halipo tena. Lugha hizo ni ndugu. Wahindi wa kale nao hawakuridhika na mishale: Yaska, mtaalamu wao wa asili ya maneno, karne kadhaa kabla ya Kristo, alijiuliza siṃha limetoka wapi, na mojawapo ya majibu yake ni mzizi wenye maana ya kudhuru, sauti zake zikiwa zimegeuzwa. Alikisia, lakini alionyesha njia aliyopita.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba safari za kweli zipo na hatuzisimulii. Śarkarā katika Kisanskriti ilikuwa changarawe, mchanga wa chembe kubwa. Walipojua kuchemsha maji ya miwa mpaka yakagandamana yakawa punje, wakazipa punje hizo jina la changarawe. Waajemi wakasema shakar, Waarabu sukkar, sisi sukari. Upande wa pili Wagiriki na Warumi wakalichukua kwa namna yao. Kila kituo kina maandishi. Pilipili nayo: pippalī ilikuwa ile pilipili ndefu ya India, na leo jina hilo tunaliitia hata pilipili kali iliyovuka bahari kutoka Amerika baada ya Columbus. Na dalali anapokutajia kodi ya laki tatu, anatumia lakṣa, ambalo lilikuwa na maana ya alama kabla ya kuwa 100,000, likapita kwa Wahindi wa madukani likiwa lakh.

Hivi ndivyo vya kuwafundisha watoto. Wakijua sukari ilivyofika, wataweza kumwuliza yeyote mwenye ubao: neno hili limepita kwa nani, na limeandikwa wapi?

Na kazi hiyo haimalizwi kwa mshale mmoja: Deccan College ya Pune, India, ilianza mwaka 1948 kukusanya kamusi ya Kisanskriti inayofuatilia historia ya kila neno, kutoka kwenye vitabu takriban 1,500. Miongo kadhaa baadaye, majuzuu yaliyochapishwa yalikuwa bado kwenye herufi ya kwanza.