Mkutano wa kuwalinda watoto mtandaoni: mtoto wa Likoni ataingilia mlango gani?

Mikutano ya sera hapa Mombasa inavyokwenda tunajua, hoteli ya ufuoni, bango kubwa, wakubwa wanafungua, jioni kila mtu anarudi kwake. Siku hizi imeingia hii ya mseto, nusu ukumbini nusu mtandaoni, na kila yakitajwa maandalizi ya mkutano wa kuwalinda watoto mtandaoni nasikia watu wakisema upande wa mtandao ni wa kubana matumizi tu, mkutano wenyewe ni ule wa kuonana. Naona hapo upande mmoja unaonewa.

Wanaotaka ukumbi wana hoja zao na si ndogo. Afisa wa watoto, polisi na mtu wa kampuni ya simu wakikutana wakati wa chai, ndipo wanapopeana namba, na kesi ikija usiku afisa anajua ampigie nani. Kwenye skrini kila mtu kazima kamera, ukimaliza kusema hujui hata kama umesikika. Alafu bando ni pesa, kushinda kwenye video kutwa nzima ukiwa Mtongwe si kila mtu anaweza.

Lakini hebu tuangalie ni nani anakosekana ukumbini. Ule utafiti wa Disrupting Harm wa ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto), INTERPOL na UNICEF, ripoti ya Kenya ya 2021, ulikadiria kwamba kati ya 5% na 13% ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa unyanyasaji wa kingono wa mtandaoni ndani ya mwaka mmoja, yaani kutishiwa, picha zao kusambazwa bila ridhaa, kushawishiwa kwa pesa ama zawadi. Hiyo 5% watu wanaipita mbio kwa sababu inaonekana kidogo. Chukua darasa la wanafunzi 40, wote wanaingia mtandaoni, wengine kwa simu ya kuazima ya mama, basi 5% ni wawili na 13% ni watano. Watoto wawili katika darasa moja, mwalimu anawaita majina kila asubuhi na hajui kitu, na hiyo ndio hesabu ya chini kabisa! Na ripoti hiyohiyo inasema wanaowatendea mara nyingi ni watu ambao mtoto anawajua tayari.

Sasa mtoto kama huyo umlete hotelini Nyali asimame mbele ya chifu, walimu, wazee wa mtaa na watu wanaomjua babake, atasema nini? Hata huyo anayemdhuru anaweza kuwa kwenye orodha ya waalikwa. Simu isiyo na picha, jina la kupanga, swali la kuandika badala ya kutamka, kwake hiyo ndio njia ya kusikika. Na mamake anayeuza mahamri Likoni hawezi kufunga biashara avuke feri akakae kwenye hotuba kutwa, ila kutuma ujumbe wa sauti aseme alipoenda kuripoti aliambiwa nini, hilo analiweza. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa miongozo ya usalama wa watoto mtandaoni kwa kampuni za sekta ya mawasiliano, na mambo ya watoto kupata njia ya kulalamika yamo. Kama njia hizo zinafanya kazi au la, atakayetwambia ni yule aliyejaribu kulalamika.

Hata hivyo linki peke yake haitoshi, na hapa tunaotetea mtandao tuwe makini sana. Kama anayemdhuru ni mtu wa nyumbani, mtoto ataongeaje chumbani na mwenyewe yuko upande wa pili wa pazia? Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kwa kawaida inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto, sasa mlezi akiwa ndiye anayemficha mjomba aliyemdhuru mtoto, itakuwaje? Ndio maana mimi naelekea kwenye vyumba vidogo mitaani, darasa la skuli ama ukumbi wa kijamii, watoto wachache na mshauri wanayemjua, mtandao umelipiwa na waandaaji, kamera imezimwa. Bajeti hiyo itangulie ile ya malazi ya wageni.

Kurekodi pia kuamuliwe mapema. Kikao cha watoto kisirushwe laivu, kisirekodiwe, hata picha ya skrini isipigwe, manake mtaani kwetu sauti tu inatosha mtu kujulikana. Mwandishi wa kumbukumbu aandike kilichosemwa bila majina akipeleke ukumbini, na wakubwa wajibu papo hapo watoto wakiwa bado wanasikiliza. Namba 116, ile ya bure ya kusaidia watoto, waandikiwe kabla kikao hakijaanza, na mshauri asiondoke linki ikifungwa, abaki mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe na mtu anayemtaka mwenyewe.