Kabla ya Faida, Niambie Umri wa Michikichi

Ramadhani iliyopita, tulipokuwa tumeketi barazani hapa Malindi baada ya tarawehe, mpwa wangu alinionyesha kwenye simu taarifa ya kampuni moja ya mashamba ya michikichi ya Malaysia ambayo faida yake ilikuwa imepanda sana kuliko ya mwaka uliotangulia. "Mjomba," akaniambia, "hawa wanajua kazi, nataka kununua hisa zao." Nilimuuliza jambo moja tu: michikichi yao ina umri gani? Alinitazama kana kwamba nimemuuliza umri wa jahazi ilhali yeye anataka kununua samaki.

Naandika makala haya kueleza kwa nini swali lile halikuwa la mzaha. Kwa maoni yangu, faida ya mwaka mmoja ya kampuni ya mawese hutueleza habari za soko kuliko habari za kampuni yenyewe. Indonesia na Malaysia hutoa takriban asilimia 85 ya mawese yote duniani, na bei inayofuatwa na wengi ni ile ya mikataba ya mawese yatakayokabidhiwa siku za mbele, inayouzwa katika soko la Bursa Malaysia, Kuala Lumpur. Mwenye shamba, hata awe na hekta laki moja, huipokea bei kama mvuvi anavyoipokea kaskazi.

Mwaka 2022 ulilionyesha jambo hili waziwazi. Vita vya Ukraine vilipokatiza biashara ya mafuta ya alizeti, bei ya mawese ghafi ilivuka ringiti 7,000 (ringiti ni fedha ya Malaysia) kwa tani mwezi Machi. Tarehe 28 Aprili Indonesia ikapiga marufuku kuuza nje, na marufuku hiyo ikadumu hadi tarehe 23 Mei. Huku kwetu, mama wa mahamri na muuzaji wa viazi karai, ambao hawajapata kuuona mchikichi, waliisikia habari hiyo kwenye mafuta ya kupima. Kabla ya Septemba kwisha bei ilikuwa imeshuka chini ya ringiti 4,000. Katika kupanda huko, wenye mameneja hodari na wenye mameneja wazembe walitangaza faida nono kwa pamoja. Tena mavuno yenyewe yalikuwa yamepungua: kwa sababu ya uhaba wa vibarua wa kigeni wakati wa korona, mikungu iliozea shambani, na Malaysia ilitoa tani milioni 18.1 mwaka 2021 kutoka tani milioni 19.1 mwaka 2020. Kazi ilikwenda vibaya na fedha zikaingia kwa wingi. Ni nani angeijua kazi hiyo kwa kutazama mstari wa mwisho wa hesabu peke yake?

Sisi wa pwani tuna njia nyepesi ya kulielewa jambo la umri, kwa sababu tuna minazi. Katika shamba tuliloachiwa na babu, mkwezi hulipwa kwa idadi ya minazi anayoikwea, wala hahesabiwi nazi alizoangua. Mnazi wa makamo humpa nazi za kutosha kwa safari moja ya juu. Mnazi mkongwe, ambao ni mrefu zaidi na wa hatari zaidi, humpa nazi chache, lakini ujira ni uleule. Kila mwaka unaopita, nazi moja hutugharimu zaidi ingawa hakuna aliyepandisha chochote. Ndugu zangu wamekuwa wakisema kwa miaka kuwa shamba lile "bado linaleta," na ni kweli linaleta, ila linaleta kwa kujila lenyewe.

Mchikichi nao una hesabu kama hiyo. Huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, hufikia kilele cha mavuno katika miaka yake ya kati, na ukikaribia miaka 25 huwa umepungua uzazi na kurefuka kiasi kwamba mvunaji mwenye mundu kwenye ufito mrefu hupata taabu kuifikia mikungu. Kampuni yenye miti ya kuishi miaka 25 inapaswa kung'oa na kupanda upya karibu asilimia 4 ya eneo lake kila mwaka. Hapo ndipo penye kishawishi. Kung'oa kunagharimu fedha leo, kunapunguza mavuno leo, na kunaleta mapato baada ya miaka kadhaa, pengine chini ya mkurugenzi mwingine. Bei ikiwa juu, mkurugenzi husema haifai kung'oa mti unaozaa; ikiwa chini, husema hakuna fedha za kung'oa. Mizee hubaki, na taarifa ya mwaka hupendeza.

Mfano ninaoupenda ni FGV, kampuni ya mawese ya Malaysia, iliyoingia soko la hisa Juni 2012 na kukusanya zaidi ya dola bilioni 3, mauzo ya kwanza ya hisa yaliyokuwa wakati ule ya pili kwa ukubwa mwaka huo baada ya yale ya Facebook. Sehemu kubwa ya michikichi yake ilikuwa tayari imezeeka, na jambo hilo halikufichwa. Walionunua walinunua jina na bei ya mawese ya siku hizo. Miaka iliyofuata bei ya hisa iliporomoka, kwa sababu nyingi, zikiwemo za uongozi na ununuzi wa kampuni nyingine, lakini miti ile mikongwe ilikuwa mzigo tangu siku ya kwanza.

Kuna mambo mawili mengine ya kuyachuja katika faida. La kwanza ni la wahasibu: hadi mwisho wa 2015, kanuni ya kimataifa ya IAS 41 ilitaka hata miti yenyewe ithaminiwe upya na tofauti iingizwe kwenye faida, hivyo kampuni ingeweza kuonyesha faida bila kuuza hata lita moja ya ziada. Tangu Januari 2016 miti inayozaa huhesabiwa kama mitambo, kwa gharama na uchakavu. Anayelinganisha taarifa za zamani na za sasa alikumbuke hilo.

La pili ni ardhi. Wasafiri wa barabara ya Mombasa wanayajua makonge ya Vipingo. Kampuni yake, REA Vipingo, ilipogombewa kuanzia mwisho wa 2013 hadi ikaondoka katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2015, bei iliyotolewa kwa hisa ilipanda zaidi ya mara mbili, na sidhani kama ni mkonge uliowapa wanunuzi joto lile. Kampuni za mawese zenye mashamba karibu na miji ya Malaysia nazo huuza vipande vya ardhi, na mapato hayo huingia mwaka mmoja tu. (Wanaoniuliza kama michikichi ingefaa hapa Malindi, jibu ni fupi: inataka mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, nasi tunapata karibu nusu.)

Wala hasara isihukumiwe haraka. Kampuni ya Feronia, iliyonunua mwaka 2009 mashamba ya michikichi ya Unilever ya huko Kongo, yaliyoanza mwaka 1911 enzi za Lever, yule Mwingereza wa sabuni, ilipanda upya maeneo makubwa na kupata hasara mwaka baada ya mwaka hadi ikaishiwa mwaka 2020. Ilikuwa na matatizo mengine mengi, na ugomvi wa ardhi na wanavijiji ulikuwa mmojawapo, lakini kuna funzo chungu ndani yake kwa mwenye haraka: miti michanga ni mali, ila hailipi riba ya mkopo.

Mpwa wangu alirudi baada ya siku tano. Alikuwa amelipata jedwali la umri wa miti, mbali sana baada ya picha za wakurugenzi, na akaniambia kuwa zaidi ya thuluthi moja imepita miaka 20. Hisa hajanunua. Sasa anatafuta ukurasa unaoonyesha ni hekta ngapi zilizopandwa upya mwaka ule wa bei nzuri.