Gasketi ya hedi kwenye injini iliyotembea sana: uifungue mwenyewe nyumbani?

Gari limeshapita kilomita 250,000. Maji ya rejeta yanapungua wala hakuna tone linaloonekana chini, ekzosi inatoa moshi mweupe hata injini ikishapata moto, na ukiwasha huku kifuniko cha rejeta kiko wazi, mapovu yanapanda mfululizo. Hapo kila mtu anasema gasketi ya hedi imekwenda, yaani ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) na bloki. Kinachofuata ni ubishi. Wapo wanaosema gasketi yenyewe ni rahisi kununua, kinachokula pesa ni ufundi, kwa hiyo mwenye spana na subira aifanye mwenyewe. Wengine wanasema injini ya umri huo ukiikaza juu, kwenye hedi, itakufa chini, kwenye ringi za pistoni na beringi, na kazi inayopimwa kwa sehemu za milimita si ya kufanyiwa uani.

Mimi naegemea kwa wale wa kwanza, ila kwa masharti ambayo wengi wao huyaruka.

Kwanza, gasketi ni nadra kufa yenyewe. Kazi yake ni kutenganisha moto wa silinda, maji na oili pale hedi inapokutana na bloki. Hedi ya alumini hutanuka karibu mara mbili ya bloki ya chuma cha kutupwa kwa joto lile lile, na imebanwa na bolti pande zote. Injini ikichemsha, hedi inakosa pa kwenda, inapinda, na gasketi inaachia. Kwa hiyo ukiibadilisha bila kujua kwa nini injini ilichemsha, ile mpya itafuata njia ya ile ya zamani. Thamostati iliyoganda, feni isiyowaka, wota pampu iliyolika mapanga, rejeta iliyoziba: kimojawapo mara nyingi ndicho chanzo, na vyote unaweza kuvikagua kabla hujalegeza bolti hata moja.

Uhakika wa ugonjwa nao unatakiwa. Ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili huwatia watu hofu bure, maana gari la safari fupi fupi hulimbikiza unyevu pale bila gasketi kuwa na tatizo lolote. Ushahidi wa kuaminika zaidi ni kile kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta, ambacho hugeuka njano kikikutana na gesi za moto wa silinda. Kipimo cha kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya kila silinda, nacho kinaeleza mengi: silinda mbili za jirani zikishuka pamoja, kwa kawaida gasketi imepasuka katikati yao.

Kipimo hicho hicho ndicho kinachojibu hoja nzito ya upande wa pili, kwamba kukaza juu kunaua chini. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Ukisaga na valvu zote upya, sehemu ya juu itaziba vizuri kuliko ilivyokuwa kwa miaka, na ringi zilizochoka zinaweza kuanza kuonyesha udhaifu wao, injini ikaanza kula oili. Lakini gasketi peke yake hairudishi injini kwenye ujana. Inairudisha pale ilipokuwa kabla haijavuja. Kama mwezi mmoja kabla ilikuwa inavuta vizuri na haili oili, hakuna sababu ya kuihukumu kwa kilomita zake. Ukiwa na shaka, mimina oili kidogo kwenye silinda yenye namba ya chini upime tena: namba ikipanda sana, ringi zimechoka, ikibaki pale pale, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi.

Kwenye hoja hii kuna hali moja ambapo nakubaliana nao moja kwa moja. Kama maji yaliingia kwenye oili na gari likaendelea kuendeshwa hivyo, beringi za krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, zimefanya kazi kwenye mchanganyiko usiolainisha vizuri. Kata filta ya oili, kunjua karatasi yake mbele ya taa. Ukiona chenga zinazong'aa, gasketi mpya haitaiponya injini hiyo.

Faida kubwa ya kufanyia nyumbani ni muda. Hakuna gari jingine linalosubiri nafasi, na kazi hii inaharibiwa zaidi na haraka kuliko na ukosefu wa ujuzi. Usafishaji ndio mfano mzuri. Gasketi kuukuu hushika kwenye bloki kwa utando mgumu mweusi, na kishawishi ni kufunga kisahani cha msasa kwenye drili na kumaliza kwa dakika chache. Chembe za msasa ule huingia kwenye njia za oili na kwenda moja kwa moja kwenye beringi, tena kisahani chenyewe huchimba vibonde kwenye alumini. Njia salama ni kikwangulio cha plastiki, kiyeyushi na mikono yenye subira, kisha kunyonya uchafu na majimaji yote yaliyobaki kwenye matundu ya bolti. Tundu lililobaki na maji au oili chini yake linaweza kupasua bloki bolti inaposhuka, kwa sababu kimiminika hakibonyei.

Baada ya hapo, weka rula ya chuma iliyonyooka kabisa juu ya hedi kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari pande zote mbili, ukijaribu kupitisha fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05 chini yake. Injini nyingi zina kikomo kati ya 0.05 na 0.10, kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Hapa upande wa pili wana haki kamili: hedi iliyopinda hainyooshwi kwa msasa uliofungwa kwenye kipande cha mbao. Gasketi za kisasa za chuma cha tabaka kadhaa zinataka uso laini sana ambao mkono hautoi. Hedi iende karakana yenye mashine, ipimwe nyufa kwa presha kwanza, ndipo ichongwe. Na kwa injini ya kilomita nyingi uliza kama haijawahi kuchongwa, kwa sababu kila mara inapopungua, kompresheni inapanda na valvu zinasogea karibu na pistoni.

Kufunga nako kuna mahali pa kuwa mkali na nafsi yako. Injini nyingi hutumia bolti zinazovutika, zinazokazwa kwa torki (nguvu ya kukaza inayosomwa kwenye spana maalumu) kisha kwa nyuzi za pembe, labda 90 na 90 tena. Zikishavutika mara moja kwa kawaida zimemaliza kazi, hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, na kufunguliwa kinyume chake injini ikiwa baridi. Mkanda au cheni ya taimingi ikisharudi, zungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa stata. Ukikutana na kizuizi, simama. Afadhali ukihisi kwenye spana kuliko kwenye valvu iliyopinda.

Dawa za kumimina kwenye rejeta sizipendi kwa mtu anayetaka kulitunza gari. Nyingi zina silikati ya sodiamu ambayo huganda kwenye joto la uvujaji, na zinaweza kuziba kitundu kidogo kwa muda, lakini huziba pia mirija myembamba ya hita na rejeta.

Njia ya tatu, injini ya mtumba, ina watetezi wake, na mara nyingine wako sahihi. Ila unanunua historia usiyoijua, wakati ile uliyonayo unaijua vizuri. Kinachonibadilisha mawazo ni bloki. Rula ile ile ikionyesha kwamba uso wa bloki umepinda kupita kikomo, au uzi wa bolti umekatika ndani ya bloki ya alumini, mara nyingi injini nzima inatakiwa kutoka kwenye gari. Hapo kazi ya nyumbani imeshakuwa ovahoo, na injini ya mtumba iliyopimwa kompresheni mbele yako ndiyo ningeichagua.