Kiangazi kikikaza, nani afunge mlango wa mfereji?

Pale soko la Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, mama wa mchele na mama wa ndagala (dagaa) wanakaa bega kwa bega, na wote wawili wanakula kwa maji yale yale. Mchele wa bonde la Ruzizi unanyweshwa na mifereji inayochepusha mito ya milimani kama Luberizi na Sange. Mito hiyo inaingia Ruzizi, na Ruzizi inamwaga ziwa Tanganyika, wanakotoka ndagala.

Sheria tunazo: ya kilimo ya 2011, ya hifadhi ya mazingira ya asili ya 2014, ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015. Kila moja inatetea watu wake. Lakini mwezi wa nane, mto ukiwa umebaki kijito, ugomvi ni wa ndoo ngapi, na kwenye milango ya mifereji niliyopita sikuona hata kijiti cha kupimia. Niliona mifuko ya mchanga na tope. Mtu akiziba juu, huku chini vifaranga vya samaki vinabaki vikirukaruka kwenye matope, watoto wanaviokota na beseni.

Wakulima nao wana neno. Mpunga ukikosa maji unapochanua, unatoa mapepe matupu, na deni la mbegu linabaki. Ukimwambia mwenye kipande kidogo aache maji yapite kwa ajili ya samaki, atakuuliza samaki huyo ni wa nani. Tena mabwawa ya umeme ya Ruzizi I na II hayanywi maji, ila ndiyo yanayoamua maji yashuke saa ngapi, na hayo hakuna anayeyagusa.

Marekani walijibu kwa namba. Sheria ya 1992 kuhusu mradi wa maji wa Central Valley, kule California, ilitenga karibu mita za ujazo bilioni 1 kila mwaka kwa samaki na wanyama. Ukame ulipowabana mwaka 2014 na 2015, wakulima wengi wa kusini mwa delta ya mito Sacramento na San Joaquin walipata sifuri kutoka mradi huo. Mwaka 2016 Bunge likawalegezea kamba. Samaki hawakupona kwa hilo: uvuvi wa samoni baharini, pwani ya California, ulifungwa 2023 na 2024.

Kwa hiyo namba peke yake haileti mvua. Hata hivyo mimi nipo upande wa namba, maana bila hiyo mwenye nguvu ndiye kipimo. Ila isiwe moja ya mwaka mzima. Samaki wengine wa Tanganyika hupanda mito msimu wa mvua kutaga, wakati maji yanatosha wote. Hapo mto uachiwe njia bila mjadala. Kiangazi, wa kwanza kupunguziwa awe mwenye mashamba mengi, siyo mama wa kipande kimoja.

Na ufunguo wa mlango? Leo anao yule anayelala karibu na mfereji.