Waachieni Wanafunzi Usukani, Lakini Msishuke Garini

Nimelea klabu za wanafunzi wa sekondari kwa miaka mingi, na kuna aina moja ya hafla ambayo siku hizi inaniumiza moyo. Wanafunzi wamepangwa mistari, wamevalishwa fulana zenye kaulimbiu. Mmoja anasogea kwenye maikrofoni, anakunjua karatasi na kuanza kusoma hotuba kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Akifika kwenye neno gumu anajikwaa, anamtazama mwalimu aliyekaa mbele, naye mwalimu anamtamkia kwa midomo bila sauti. Makofi, picha, kwaheri. Hotuba hiyo ameiandika mwalimu. Najua, kwa sababu nami nimewahi kuziandika, na ninajuta.

Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart, katika andiko lililochapishwa na UNICEF, alichora ngazi ya vidato vinane kuonyesha namna watoto wanavyoshirikishwa. Vidato vitatu vya chini ni kuwatumia, kuwafanya mapambo, na kuwashirikisha kwa jina tu. Hart alisema wazi kwamba hivyo vitatu si ushiriki. Wengi wakiiona ngazi hiyo hushtushwa na hapo chini. Mimi nilishtushwa na juu. Kidato cha saba ni watoto kuanzisha jambo na kuliendesha wenyewe. Cha nane, cha juu kabisa, ni watoto kuanzisha jambo, kisha kuamua pamoja na watu wazima. Kuna wanaobishana na mpangilio huo, wakisema uhuru kamili ndio uwe kileleni. Mimi nasimama na Hart.

Mfano ninaowapa walimu wenzangu ni wa Barbara Johns. Mwaka 1951 alikuwa na miaka 16, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Moton huko Farmville, jimbo la Virginia, Marekani. Shule hiyo ya wanafunzi weusi ilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 180 hivi, lakini walikuwamo zaidi ya 450, na waliokosa nafasi walisomea kwenye mabanda yaliyofunikwa kwa karatasi ya lami. Wazazi walikuwa wameomba jengo jipya wakaishia kupigwa danadana. Barbara na wenzake wachache wakapanga kimya kimya. Aprili 23, mkuu wa shule aliondolewa shuleni kwa simu ya uongo, wanafunzi wakaitwa ukumbini, walimu wakaombwa watoke, na binti yule akapanda jukwaani kuwataka wenzake wagome. Waligoma kwa wiki mbili hivi.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Wanafunzi waliwaandikia mawakili wa NAACP, chama kinachotetea haki za Wamarekani weusi. Mawakili Oliver Hill na Spottswood Robinson walikuja wakawaeleza ukweli: kesi ya kudai jengo zuri zaidi hawataichukua, wakienda mahakamani watadai ubaguzi wenyewe shuleni ufutwe. Lilikuwa jambo zito na la hatari kuliko lile walilogomea. Wanafunzi na wazazi wao wakakubali. Kesi yao ikawa moja kati ya tano zilizounganishwa katika shauri la Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, ambalo mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Swali lilitoka kwa wanafunzi. Sheria waliijua watu wazima. Hakuna upande ambao ungefika pale bila mwenzake.

Najua miradi yetu mingi haitaishia mahakamani. Lakini ukubwa wa jambo si hoja yangu. Hoja yangu ni nani aliyeuliza swali la kwanza.

Klabu moja niliyoilea ilianza vibaya, na kosa lilikuwa langu. Niliwawekea ukutani yale Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, nikawaambia wachague moja. Wakachagua namba 6, maji safi. Wiki tatu zikaenda kwenye kuchora mabango. Bango moja liliandikwa kwa herufi kubwa kwamba mwaka 2022 watu bilioni 2.2 duniani hawakuwa na huduma salama ya maji ya kunywa. Tulilipita kila siku kama tunavyopita ukuta.

Kisha siku moja msichana mmoja mkimya aliweka chupa ya nusu lita chini ya koki ya maabara iliyokuwa ikivuja. Tone moja kila sekunde, kitu ambacho sote tulikuwa tumeacha kukisikia. Akatazama saa. Chupa ilijaa kwa dakika 35. Akapiga hesabu ubaoni, akaifuta, akapiga tena: lita 20 na kidogo kwa siku moja, kwenye koki moja. Akageuka akauliza, “Mwalimu, hilo si dumu zima?” Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na wapo wasichana wa rika lake wanaolibeba kwa miguu kila siku. Chumba kilitulia. Ndipo mmoja wao akaenda kulisoma upya lile bango la bilioni 2.2, safari hii polepole.

Kuanzia hapo sikuwa tena na kazi ya kuwahamasisha. Walihesabu koki zote zinazovuja. Wakataka fundi bomba awafundishe kubadilisha kale kampira kadogo ka ndani, nikamtafuta. Wakataka kuingia kwenye mabweni kupima, nikawaombea ruhusa. Kazi ya mlezi ndiyo hiyo, na haina picha nzuri: barua, ruhusa, ufunguo wa maabara, kumshawishi mkuu wa shule kwamba mwezi wa mitihani hautavurugwa. Ngumu kuliko zote ni kunyamaza. Walitumia vikao viwili kubishania jina la kampeni. Nilikuwa na jina zuri. Nililimeza.

Kuna mahali sikunyamaza. Walipotaka kuweka mtandaoni picha za watoto wadogo wakiteka maji, walizozitoa huku na huko bila kujua ni watoto wa nani, nilisema hapana, na nilieleza kwa nini. Usalama na heshima ya watu wengine si jambo la kuachia kura ya klabu. Mlezi anayeogopa kusema hapana hapo kwa kisingizio cha kuwapa uhuru amewatelekeza.

Jambo jingine, kwa kifupi: acheni kuwinda nyota. Greta Thunberg, msichana wa Sweden, alikaa peke yake nje ya bunge la nchi yake Agosti 2018 akiwa na miaka 15, akigomea masomo kudai hatua dhidi ya mabadiliko ya tabianchi, na tangu hapo walimu wengi wanamsubiri Greta wao. Lakini Machi 2019 wanafunzi waligoma katika nchi zaidi ya 100 kwa sababu katika kila mji kulikuwa na vijana wasiojulikana waliotafuta vipaza sauti na kuwapigia wenzao simu. Klabu inawahitaji hao zaidi. Na anayejua kutunza daftari la kumbukumbu ni dhahabu, maana viongozi wakihitimu, mradi usio na daftari huondoka nao.

Baadaye klabu yetu iliandikiana na wanafunzi wa shule moja ya bara jingine, mahali ambapo maji huchotwa kwenye pampu. Wetu waliwatumia bango lao jipya kwa fahari: msichana ameinama chini ya dumu, chozi shavuni. Jibu lilikuja kwa adabu lakini halikuficha kitu. Huyu si sisi, waliandika. Sisi tuna kamati ya maji, na wanawake wawili kijijini ni mafundi wa pampu. Mkitaka watu wajue kitu kuhusu sisi, waambieni kwamba pampu ikiharibika tunasubiri kipuri kwa miezi. Chini kabisa wakauliza: na maji yenu nyinyi yanatoka wapi?

Hakuna aliyejua, hata mimi. Bango lilishushwa alasiri ileile. Kikao kilichofuata kilikuwa na ajenda moja tu, iliyoandikwa ubaoni na yule msichana wa chupa, nami nilikaa nyuma karibu na dirisha, nikianza kuandika barua ya kuomba ruhusa ya kutembelea chanzo cha maji.