Stelingi Hakosei

Jumamosi jioni nilimsikia jirani yetu hapa Ngamiani akikataa binti yake wa miaka 11 achanjwe chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. "Mama watoto, si tuliona kwenye ile picha? Daktari anachekacheka, kumbe sindano ina mambo yake." Hakuleta dini, wala habari ya mtu aliyedhurika. Alileta sinema aliyoiona kibanda umiza.

Hasira haijanitoka, maana huyu bwana si mjinga. Ni fundi wa injini za boti. Ukimwambia mashine imekufa hakuamini. Atatoa plagi, aifute kwa kitambaa, aielekeze kwenye mwanga, ndipo aseme. Iweje kwa afya ya mwanawe aridhike na kuhadithiwa?

Mimi naona hii ni kazi ya stelingi. Picha za njama zina mtu mmoja anayeshuku wakati wenzake wamelala, na DJ anayetafsiri anakoleza: "Huyo mwenye koti jeupe msimuamini!" Mwisho lazima stelingi aonekane alikuwa sahihi. Sijawahi kuona picha ambayo stelingi anashuku, anachunguza, anakuta daktari alisema kweli, anarudi zake nyumbani. Mtu akikulia kibandani, kushuku kwenyewe anakuona ndiyo akili, na anayeuliza ushahidi anaonekana kahongwa. Uvumi wa mumiani tuliukuta kwa wazee. Picha zimeupa sura na sauti.

Haya, njama za kweli zipo, sibishi. Kule Tuskegee, Marekani, tangu 1932 idara ya afya ya serikali iliwaacha mamia ya wanaume weusi na kaswende yao ili itazame ugonjwa unavyokwenda, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Lakini ilifichuliwaje? Peter Buxtun, aliyeajiriwa na idara hiyohiyo, alianza kulalamika kwa maandishi 1966, akapuuzwa, mpaka magazeti yakaitoa 1972. Miaka sita! Ni kazi ya kifundi ile: kufungua, kutazama kwenye mwanga.

Chanjo yenyewe ilianza kutolewa nchi nzima 2018, na 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Umri wa binti bado unaruhusu. Kesho nikitoka kazini napitia kwa baba yake, nimuulize sindano ya kwenye picha ilikuwa ya ugonjwa gani.