Mnaouziwa dawa za kuongeza kinga, hebu tuongee kuhusu komplementi

Ukishuka stendi ya Nanenane hapa Dodoma, au ukifungua tu grupu la Wasapu la mtaani kwenu, haipiti siku hujakutana na mtu anauza kitu cha kuongeza kinga ya mwili. Unga wa majani, vidonge vya kopo, juisi ya mizizi, na maelezo ni yaleyale, kwamba kinga yako imeshuka ndo maana unaumwaumwa, kunywa hiki itapanda. Na watu wananunua jamani, walimu, madereva, mama ntilie, wanatoa hela ambayo ingelisha nyumba siku kadhaa. Inaniuma sana. Mimi kazi yangu ni ya maabara, damu za watu nazishika kila siku, na kuna kitu kimoja ndani ya hiyo damu ambacho watu wengi hawajawahi hata kukisikia, kinaitwa mfumo wa komplementi, na naamini tungekielewa vizuri hii biashara ingekosa wateja.

Shuleni tulifundishwa seli nyeupe, basi tukabaki tunajua kinga ni seli nyeupe. Lakini chukua damu, iache igande, toa seli zote, ubaki na yale maji ya njano tunayoita seramu, bado hayo maji peke yake yanaua bakteria. Hii aliionyesha Jules Bordet, Mbelgiji aliyekuwa Taasisi ya Pasteur pale Paris, mwaka 1895. Alichukua seramu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga dhidi ya kipindupindu, ikawa inapasua vile vijidudu, akaipasha moto kidogo tu nguvu ya kuua ikapotea, halafu akaongeza seramu mbichi ya mnyama ambaye hajawahi kupata hiyo kinga, kazi ikarudi kama mwanzo. Maana yake kuna vitu viwili pale, antibodi, yaani protini ambazo mwili unazitengeneza baada ya kukutana na kijidudu fulani, nazo zinavumilia joto, na kitu kingine ambacho kila mnyama anacho tangu mwanzo na ambacho joto linakiharibu. Alipewa Nobel ya mwaka 1919. Na mpaka leo maabara, kuna vipimo ambavyo kabla ya kuvifanya seramu inawekwa kwanza kwenye maji ya nyuzi 56 kwa dakika 30, sababu ni hiyohiyo, wengi tunafanya kama utaratibu tu bila kujiuliza tunachozima pale ni nini.

Kinachozimwa ni kundi la protini zaidi ya 30, nyingi zinatengenezwa na ini, zinazunguka kwenye damu usiku na mchana. Kubwa yao inaitwa C3, na sio kidogo, ni kama gramu 1 kwenye kila lita ya seramu. Sasa hapa ndo panaponifurahisha mimi. Hii C3 haisubiri kuitwa, muda wote kiasi kidogo chake kinafunguka chenyewe na kunata kwenye chochote kilicho karibu. Ikinata kwenye bakteria inaita nyingine, nazo zinaita nyingine, ndani ya dakika chache yule bakteria amefunikwa mwili mzima na vipande vya C3, seli nyeupe zikija zinamtambua na kummeza. Vipande vingine vidogo, C3a na C5a, vinabaki kwenye damu na kazi yao ni kutanua mishipa na kuvuta seli nyeupe zije eneo la tukio, ndo ule uwekundu na uvimbe unaouona kwenye kidonda. Na mwisho kabisa protini nyingine za kundi hilohilo, C5 mpaka C9, zinaungana kutengeneza tundu kwenye ngozi ya bakteria, maji yanaingia, anapasuka.

Kuna njia tatu za kuwasha huu mfumo. Moja inawashwa na antibodi, ya pili inawashwa na sukari fulani zilizopo juu ya vijidudu, na ya tatu ndo hiyo ya C3 kufunguka yenyewe. Hii ya tatu ina historia ya kusikitisha kidogo, Louis Pillemer wa Marekani alitangaza mwaka 1954 protini aliyoiita propadini akasema kuna njia isiyohitaji antibodi, wenzake wakampinga sana, akafariki 1957, miaka ikapita ndo ikaja kuonekana alikuwa sahihi.

Sasa turudi kwenye biashara ya makopo. Jiulize, kama C3 inanata kwenye chochote kilicho karibu, kwa nini hainati kwenye figo zako, kwenye chembe zako nyekundu za damu, kwenye ukuta wa mishipa yako? Inanata! Ila seli zetu zina protini za kuizima palepale, kuna CD46, CD55, CD59 ziko juu ya seli zenyewe, na kuna nyingine zinaelea kwenye damu, kama fakta H na kizuizi cha C1, hiyo C1 ni protini inayoanzisha ile njia ya antibodi. Yaani sehemu kubwa tu ya huu mfumo ni vitu vya kuuzuia. Ni kama basi linaloshuka mlima Sekenke, kila mtu wa Singida anajua pale hakuna anayemuuliza dereva injini ina nguvu kiasi gani, watu wanauliza breki. Kwa hiyo mtu akikwambia anakuongezea kinga tu, bila kusema anaongeza ipi na inazuiwa na nini, hajui anachokiongelea, na ingekuwa kweli dawa yake inafanya hivyo ungetakiwa kuikimbia.

Na hizi sio nadharia, kuna wagonjwa. Kuna ugonjwa unaitwa PNH kwa kifupi, chembe nyekundu zinazaliwa bila CD55 na CD59, komplementi ya mgonjwa mwenyewe inazipasua, mtu anaamka asubuhi mkojo mweusi kama Coca-Cola. Kuna watu fakta H yao ina hitilafu, mishipa midogo ya figo inaharibika. Na kuna huu ambao mimi naomba kila muuguzi na kila daktari wa vituo vyetu vya afya vya Chamwino, Bahi, Mpwapwa, kote, aujue, uvimbe wa kurithi unaotokana na upungufu wa kile kizuizi cha C1. Mtu anavimba uso, mdomo, mkono, au tumbo linauma vibaya mpaka anadhaniwa ana jambo la kupasuliwa, inakaa siku mbili tatu hivi inaisha yenyewe, baada ya muda inarudi. Haiwashi, haina vipele. Kinachovimbisha hasa ni kemikali inaitwa bradikinini, kwa sababu kizuizi hichohicho kinashika breki za njia mbili, ya komplementi na ya kutengeneza bradikinini. Ni ugonjwa adimu, unakadiriwa mtu mmoja kwa kama watu 50,000, lakini piga hesabu ya watu wa nchi hii uone. Dawa za aleji haziusaidii, wala adrenalini, na ukivimbisha koo unaua. Huku kwetu mtu anayevimba uso bila sababu halafu mama yake naye alikuwa hivyohivyo, unajua maneno yatakayosemwa, familia inaitwa ya laana, watu wanahangaika kwa waganga, kumbe ni jeni moja lenye hitilafu limerithiwa na kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kulipata. Kipimo cha kuanzia ni cha C4 tu, protini nyingine ya komplementi, ikiwa chini unaendelea kuchunguza.

Upande wa pili nao upo, sisemi kinga haipungui. Anayezaliwa bila C3 anapata maambukizi makali ya usaha tangu utotoni. Anayekosa mojawapo ya C5 mpaka C9 unaweza kumuona mzima kabisa, isipokuwa bakteria wa homa ya uti wa mgongo aina ya meningokoka wanamrudia. Mtoto au kijana aliyeugua hiyo mara mbili, tafadhali msiishie kumtibu na kumruhusu. Na angalia hii, dawa inayosaidia wale wagonjwa wa PNH, ekulizumabu, iliyoidhinishwa Marekani 2007 na iliyowahi kutajwa kati ya dawa ghali kuliko zote duniani, inafunga C5, na kwa kuifunga inamfungulia meningokoka njia, kwa hiyo mgonjwa lazima achanjwe.

Na kama bado unaona nakuza mambo, kumbuka corona. Mwaka 2020 nchi nzima ilikuwa nyungu, tangawizi, malimao, kuongeza kinga, kuongeza kinga. Wakati huohuo utafiti mkubwa wa Uingereza, RECOVERY, ulionyesha deksamethasoni inapunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Deksamethasoni inafanya nini? Inatuliza kinga. Wale mahututi wengi kinga yao haikuwa imelala, ilikuwa imewaka kupita kiasi, komplementi ikiwemo, na ndo ilikuwa inaharibu mapafu.

Basi tufanyeje? Cha kwanza ni chakula, na hapa nasema kwa uzito kwa sababu naijua Dodoma mwaka ambao mvua imekataa. Komplementi ni protini, ini haliwezi kuitengeneza kwa ugali na mlenda peke yake. Watoto wenye utapiamlo mkali, hasa kwashakoo, C3 yao hupimwa ikakutwa chini, na ndo hao nimonia inawamaliza. Kwa hiyo kunde, choroko, njugu, dagaa, mayai, maziwa, hela ya lile kopo inunue hivyo. Cha pili ni chanjo, na watu hawajui chanjo inahusianaje na haya. Bakteria wa nimonia na wa uti wa mgongo wana ganda la sukari linalowasaidia kuikwepa komplementi. Chanjo inaufundisha mwili kutengeneza antibodi za kushika lile ganda, na antibodi ikishalishika, C1 inajibandika juu yake na mfumo wote unawaka palepale juu ya bakteria, sio mwili mzima. Mtoto wa selimundu ndo anahitaji hii kuliko wote, maana bandama ambayo ingewachuja bakteria waliokwishafunikwa na C3 kwake inakufa mapema, na nchi yetu ni kati ya zinazoongoza kwa watoto wanaozaliwa na selimundu. Mzazi wa mtoto kama huyo akija kuniuliza kuhusu unga wa kuongeza kinga, mimi namuomba kwanza anionyeshe kadi ya kliniki tuangalie chanjo ipi bado.